Simba ana kisukari, nimeongeza insulini mpaka yuniti 3 na bado sukari iko 24, nifanyeje?

MamaSimba_Lanet (Nakuru)

Habari zenu watu wa paka. Naandika saa tano usiku kwa sababu usingizi umekataa. Paka wangu anaitwa Simba, ni dume alihasiwa zamani, ana miaka 11, alikuwa kilo 7.8 sasa amebaki 6.1. Miezi miwili iliyopita alianza kunywa maji bakuli linaisha anarudi kulilia lingine, mchanga wake wa choo kila asubuhi ni mabonge matupu, na anakula vizuri lakini mgongo unazidi kuonekana. Nikampeleka kwa daktari wa mifugo akampima damu akaniambia ni kisukari, sukari ya damu 26 (mmol/L). Mimi sikujua hata kama paka hupata kisukari, nilidhani ni ugonjwa wetu sisi watu.

Akaanzishwa Caninsulin, insulini ya wanyama, asubuhi na jioni, yuniti 1 halafu baada ya wiki moja na nusu ikawa 2. Na kusema ukweli ilikuwa inasaidia, nilikuwa napata 16, 17, siku moja nikapata 14 nikafurahi mpaka nikapigia dada yangu simu. Sasa ghafla kuanzia kama wiki tatu zimepita ikarudi juu 24, 25, na hakuna kitu nimebadilisha, saa ni zile zile, chakula ni kile kile. Daktari akasema tupande mpaka 3, nimepanda, siku ya kumi leo na bado iko 23, 24. Ameniambia tukishindwa tutaenda 4 na mimi naogopa.

Kitu kinaniumiza zaidi ni miguu ya nyuma. Ameanza kukanyaga na kisigino kabisa, anatembea kama sungura, na dirishani pale anapopenda kukaa hawezi kuruka tena, anasimama chini anaangalia juu halafu ananiangalia mimi. Napima na mashine ya watu ile ya mama yangu, nachoma ukingo wa sikio. Kama kuna mtu amepitia hii tafadhali aniambie alifanya nini. Sitaki kusikia eti ni paka tu nitafute mwingine, hiyo nimeshaambiwa ya kutosha hapa plotini.

OmenaNaMaji (Kisumu)

Pole sana dada. Anakula nini huyo Simba? Nauliza kwa sababu wangu alikuwa anakula ugali na supu ya samaki tangu mdogo na hapo ndipo shida yetu ilikuwa. Paka si kama sisi wala si kama mbwa, mwili wake umeumbwa kuishi kwa nyama, ugali, wali, mkate, chapati, hiyo yote kwake inageuka sukari tu. Hata ile chakula kavu ya paketi nyingi yake imejaa wanga sababu bila wanga haiwezi kushikana ikawa vile vidonge. Mimi nilihama kabisa nikaenda kwa omena (dagaa) naichemsha bila chumvi na BILA KITUNGUU (kitunguu kinaharibu damu ya paka, usiweke hata kidogo), kuku wa kuchemsha, siku zingine nikienda Obunga narudi na mgongo wazi (mifupa ya samaki iliyotolewa minofu) nachambua ile nyama iliyobaki kwa mfupa. Na chakula cha mkebe nikipata pesa, kwa sababu nyama peke yake kila siku kuna madini atakosa.

Lakini sikiliza hapa vizuri, usibadilishe chakula leo na uendelee na dozi ile ile bila kumwambia daktari. Wangu nilipotoa ugali sukari ilianguka ndani ya siku nne nikamkuta chini ya meza anatetemeka, ilikuwa 2.4. Nilimpaka asali kwenye ufizi mikono yangu yenyewe ikitetemeka. Alipona, lakini sitasahau.

kijana_wa_58 (Nakuru)

Shosho yangu hutumia metformin na sukari yake iko sawa kabisa, si unaweza kata kidonge robo umpatie? Ni bei rahisi kuliko insulini na hakuna kudungana.

daktari_wa_mifugo_Kakamega

Kijana nakuelewa unataka kusaidia lakini hapana, metformin haijaonekana kusaidia paka na itamkosesha hamu ya chakula, na paka mwenye kisukari akiacha kula unaingia kwa hatari nyingine kubwa zaidi. Kuna vidonge vya paka kweli, Marekani waliidhinisha kimoja kinaitwa Bexacat Desemba 2022, lakini hata hicho si cha paka ambaye tayari ametumia insulini. Kwa hivyo Simba ni insulini.

Mama Simba, kwanza hongera kwa kupima nyumbani, wenye ng'ombe wa maziwa wa elfu mia mbili hawana bidii hiyo. Kwanza kabisa, umepima saa ngapi hizo namba? Namba moja ya asubuhi kabla ya sindano haituambii mengi, hiyo ndiyo saa sukari iko juu kabisa kwa sababu dawa ya jioni imeshaisha mwilini. Ninachotaka kujua ni inashuka mpaka wapi katikati. Tafuta siku uko nyumbani, pima kabla ya kudunga halafu kila baada ya masaa mawili mpaka sindano ya jioni, uniandikie zote hapa. Kuna wakati dozi inakuwa nyingi sana, sukari inaanguka chini katikati ya mchana hakuna mtu anaona, mwili unashtuka unamwaga sukari yake kutoka kwa ini, jioni unapima unapata 25 unafikiri dawa ni kidogo unaongeza tena. Ndio maana sipendi mtu apande kwenda 4 kwa sababu ya namba ya asubuhi peke yake.

Pia, je, alishawahi kudungwa dawa ya kuwashwa ama ya mafua ile inakaa mwilini wiki nyingi? Zile za aina ya steroidi huleta kisukari kwa paka na zikiwa bado ziko mwilini hata udunge insulini namna gani inakataa. Na kinywa chake kinanuka? Umewahi kufungua ukaangalia meno ya nyuma?

Na kitu cha mwisho ambacho hakingoji jibu. Nenda kemisti ununue vile vijiti vya mkojo vinavyoonyesha ketoni, asidi ambayo mwili unatoa ukichoma mafuta kwa kukosa insulini. Kupata mkojo wake toa mchanga kwa choo chake usiku mmoja weka kokoto ndogo zilizooshwa zikakauka, mkojo utabaki chini unauchovya. Kijiti kikibadilika rangi upande wa ketoni, ama akitapika, akikataa chakula, akilala tu akihema kwa nguvu, hiyo si ya kuandika hapa, ni kwenda kwa daktari siku hiyo hiyo hata kama ni usiku.

MamaSimba_Lanet

Asante daktari, asante OmenaNaMaji, nimesoma yote mara mbili. Jana ilikuwa Jumamosi nikakaa naye siku nzima, hizi hapa: saa mbili asubuhi kabla ya sindano 24.6. Saa nne 23.1. Saa sita 21.0. Saa nane 19.7. Saa kumi 21.4. Saa kumi na mbili 23.8. Saa mbili usiku 25.2. Masikio yake maskini yamekuwa na vidoti lakini alivumilia, kila nikimaliza nampa kipande cha kuku.

Ketoni hakuna, kijiti hakikubadilika. Sindano ya kuwashwa hajawahi. Mdomo ndio, unanuka, lakini nilifikiri ni samaki. Chakula asubuhi ni kile kavu cha kupimiwa kwa kilo na jioni omena, na nimekuja kugundua kijana wangu wa mwisho humpa maziwa na mkate akitoka shule, ameniambia akilia kwamba alikuwa anamhurumia kwa sababu amekonda. Sikumgombeza. Nimemweleza na sasa yeye ndiye anaandika namba kwa daftari.

Kwa hivyo daktari haishuki chini, si ndio? Ni kama dawa haifanyi kazi kabisa.

Baba_Paka_Watatu (Bungoma)

Dada nimefuata hii maneno tangu mwanzo nikinyamaza kwa sababu mimi si daktari lakini kuna kitu kimoja naomba ukaangalie SASA HIVI kabla ya kitu kingine. Umesema ilikuwa inashuka vizuri halafu ghafla wiki tatu zimepita ikapanda. Sindano zako, zile za kudungia, ulizitoa wapi mara ya kwanza na sasa hivi unanunua wapi? Angalia kwa chupa ya dawa imeandikwa yuniti ngapi kwa mililita moja. Halafu angalia kwa sindano yenyewe imeandikwa U ngapi.

MamaSimba_Lanet

Mara ya kwanza zilikuja na dawa kutoka Nairobi, paketi moja, mfuniko wake ulikuwa mwekundu. Zikaisha nikanunua hapa town kemisti, za watu wa sukari, mfuniko ni wa rangi ya chungwa. Chupa imeandikwa 40 IU/ml. Sindano imeandikwa U-100. Kuna shida?

Baba_Paka_Watatu (Bungoma)

Hapo ndipo shida iko mama. Hapo hapo.

Insulini ya wanyama kama hiyo yako ni U-40, maana yake mililita moja ina yuniti 40. Insulini ya watu kama Lantus ni U-100, mililita moja ina yuniti 100. Sindano huwa na mistari kulingana na dawa yake. Ukichukua dawa ya 40 ukaivuta na sindano ya 100, mstari wa 2 ni mililita 0.02, ukizidisha na 40 unapata 0.8. Kwa hivyo siku ile ulibadilisha paketi Simba alitoka yuniti 2 akashuka mpaka 0.8 na wewe unaona bado unavuta 2. Ulipopanda mpaka 3 alikuwa anapata 1.2. Tangu ubadilishe paketi hujafika tena hata kwa zile 2 alizokuwa anapata. Mimi yalinipata kinyume, nilikuwa na dawa ya 100 na sindano ya 40, nilikuwa nampa mara mbili na nusu ya dozi, nikampoteza mmoja. Ndio maana kila nikiona mtu anauliza habari ya insulini huwa nauliza sindano kwanza.

daktari_wa_mifugo_Kakamega

Ndugu wa Bungoma, pole kwa uliyempoteza, na umemsaidia huyu mama kuliko mimi. Ilifaa niulize hilo swali kabla ya yote na sikuuliza.

Mama Simba, tafadhali usikimbie kutafuta sindano za U-40 ukavuta 3 leo usiku. Ukifanya hivyo utamtoa 1.2 mpaka 3 kwa mara moja na hiyo inaweza kumwangusha. Pigia daktari wako kesho asubuhi, mwambie hivi hivi ulivyotuambia, aamue mnaanzia wapi na sindano sahihi. Mimi kwa kumtazama kwa maandishi ningerudi kwenye 2 pale alipokuwa anafanya vizuri, lakini yeye ndiye amemshika huyo paka. Na maziwa na mkate vimetoka sasa, hiyo pia itavuta sukari chini, sababu nyingine ya kutoharakisha. Baada ya kila kubadilisha dozi ngojeni kama wiki moja kabla ya kuigusa tena isipokuwa imeshuka sana. Ukipima kabla ya sindano ukapata chini ya 10 usidunge mpaka uongee na yeye. Chini ya 3.5 ni asali ama glukosi ya unga na maji kidogo, mpake kwenye ufizi, usimimine kooni ataingiwa na maji kwa mapafu, akizinduka mpe chakula, na simu hapo hapo.

Unayotafuta si namba ya mtu asiye na kisukari. Paka akikaa mchana wake mwingi chini ya 14 au 15, pale chini kabisa ikigusa 5 mpaka 8, huyo yuko vizuri, kwa sababu juu ya hapo ndipo sukari inaanza kumwagika kwa mkojo na ndio inavuta maji yote hayo.

Miguu pia nimeona hujajibiwa. Ni mishipa ya fahamu imechoshwa na sukari, na mara nyingi hurudi ikishashuka na kutulia, ila inachukua wiki nyingi hata miezi. Usikate tamaa ukiona wiki mbili bado.

Nyar_Milimani (Kisumu)

Mimi naongeza tu kwa wengine watakaosoma baadaye ambao sindano yao iko sawa, chakula kiko sawa, na bado inakataa. Wangu alifika yuniti 7 za Lantus mara mbili kwa siku na bado 22. Kilichonishangaza alikuwa ananenepa, paka wa kisukari ambaye hajadhibitiwa hukonda lakini wangu aliongeza kilo, uso ukawa mpana, nyayo kubwa, akaanza kukoroma. Daktari mmoja akamtazama tu akasema huyu ana uvimbe kidogo kwenye tezi iliyo chini ya ubongo inayotoa homoni ya ukuaji kupita kiasi, na hiyo homoni ndiyo inapigana na insulini. Kipimo chake ni cha damu kinaitwa IGF-1. Nikaja kusoma kwamba chuo cha mifugo cha London kilipima paka zaidi ya 1,200 wa kisukari, matokeo yakatoka 2015, wakakuta kama mmoja kwa kila wanne ana dalili za hiyo kitu. Kwa hivyo si ugonjwa wa kusikia mbali, ni vile huku kwetu hautafutwi. Wangu aliishi miaka miwili zaidi kwa dozi kubwa na kupimwa kila siku, alikufa mzee amelala juu ya kabati langu.

Kitu kingine hapa Kisumu ni joto. Insulini haipendi joto na pia haipendi kuganda. Stima ikipotea siku nzima mimi naweka chupa kwa nyungu ndogo ndani ya nyungu kubwa, katikati mchanga nimeumwagia maji, kitambaa cha maji juu, pahali pana upepo. Na kwa friji usiiweke karibu na pale barafu inakaa, ikiganda mara moja imeharibika hata kama ikiyeyuka inaonekana nzuri. Hiyo Caninsulin ni ya rangi ya maziwa, lazima uichanganye mpaka iwe sawa sawa kabla ya kuvuta, ukiiacha imetulia unavuta maji juu na dawa imebaki chini.

MamaSimba_Lanet

Jamani nimelia. Si kwa huzuni, ni vile nimekaa wiki tatu nikifikiri mwili wake umekataa dawa na kumbe alikuwa hapati dawa. Baba Paka Watatu sijui nikushukuru vipi, Mungu akubariki na hao wawili waliobaki.

Nimepigia daktari wangu, alinyamaza kidogo halafu akasema nilete zile sindano azione, akasema ni kweli na akaomba msamaha kwamba hakuniuliza nilinunua gani. Tumerudi 2 na sindano ya U-40, nimeagiza paketi mbili zije na gari la Nairobi, na zile za rangi ya chungwa nimempa mama yangu asije mtu yeyote nyumbani akazichukua kwa haraka.

MamaSimba_Lanet

Nimerudi baada ya siku kumi na saba. Chakula kavu tumeacha polepole, sasa ni omena, kuku na mkebe nusu kwa siku. Asubuhi kabla ya sindano napata 15 mpaka 18, mchana ikishuka kabisa ni 9, juzi 8.2. Bakuli la maji halijaisha kwa siku moja tangu Jumatatu. Amepanda gramu 200.

Daktari wa Kakamega ulikuwa umeuliza habari ya kinywa. Sio samaki. Amefunguliwa akapatikana na meno mawili ya nyuma yameoza mpaka kwenye mzizi na ufizi una usaha, na daktari anasema hiyo inaweza kuwa ndiyo inashikilia namba za asubuhi zisishuke. Alhamisi ametuelekeza Njoro yatolewe huko. Naogopa nusukaputi kwa sababu ya umri wake na kisukari. Asubuhi hiyo nimdunge ama nisimdunge, na nimnyime chakula ama?

daktari_wa_mifugo_Kakamega

Habari njema hii mama. Uliza wale watakaomfanyia, wao ndio wenye neno la mwisho, lakini kwa kawaida anakosa chakula cha asubuhi na anapewa nusu ya dozi yake, si dozi nzima na pia si kumwacha bila. Omba awe wa kwanza kwenye orodha ili asikae njaa mpaka mchana. Beba mashine yako, daftari la kijana, dawa kwenye kibaridi na sindano zako mwenyewe za U-40, uwaonyeshe mkononi. Na baada ya meno kutoka anza kupima kila siku kwa sababu maambukizi yakiisha dozi ya 2 inaweza kuwa nyingi kwake. Kuna paka ambao hapo ndipo insulini huanza kupungua na wengine huachana nayo kabisa.

MamaSimba_Lanet

Sawa daktari, nimeandika yote kwa daftari. Leo asubuhi 14.1. Hajaruka dirishani lakini amepanda kwenye stuli, na kutoka kwa stuli akaweka miguu ya mbele juu ya dirisha akakaa hivyo akiangalia kuku wa jirani. Kijana amesogeza stuli karibu zaidi na ukuta.